Mama mkwe kaikata mbeleko ya bibi yangu, sasa anadekia

Admin, jina langu baki nalo wewe. Sasa hivi binti yangu wa miaka miwili kaokota dekio, kalizungusha mgongoni, katia gunzi lake ndani, anazunguka nalo uani anaimba "lala, lala mtoto." Nimecheka, halafu nikalia. Maana hilo dekio ndiyo mbeleko iliyombeba yeye, ikanibeba mimi, ikambeba na mama yangu.

Nina miaka 23, niliishia darasa la saba. Nimeolewa hapa Korogwe, tunakaa kwa mama mkwe.

Mbeleko ni ya bibi yangu wa Kwamsisi. Bibi hatupi kitu. Vipande vya sabuni anavibandika mpaka kinapatikana kipande kizima, uzi anachomoa kwenye viroba. Ilianza kanga moja tu. Kila mwanamke wa kwetu akijifungua anashonea kiraka cha kanga yake, na siku ya arobaini mtoto anatolewa nje ndani ya hiyo hiyo. Kisha unaitunza mpaka mwenzio ajifungue. Kiraka changu ni cha njano.

Mwezi uliopita mdogo wangu kajifungua kule. Juzi nikafungua begi niitoe niipeleke, haipo. Natokea sebuleni, mama mkwe anadeki, naiona ile njano yangu kwenye maji machafu.

"Mama! Hiyo mbeleko ya bibi!"

"Hili dude? Viraka mpaka kanga yenyewe haionekani! Nimelikata mawili, lingine liko jikoni nashikia sufuria. Nimewasaidia kutupa umaskini wenu."

Nikamwambia nitamweleza bibi. Akanisogelea na ndoo yake. "Mweleze. Ukimaliza fungasha, urudi kwenu mkashone matambara."

Mume wangu naye eti, "Mama keshakata, unataka afanyeje? Nitakununulia mpya, hata mbili." Mbili za nini? Shikamoo yake mama mkwe bado naitoa, lakini naitoa nimempa mgongo.

Jana bibi kapiga simu. "Mjukuu wangu, arobaini Ijumaa. Iko salama?"

Nikajibu, "Iko salama, bibi." Hapo ndipo ninapojichukia.

Kipande cha jikoni nimekiiba, nimekifua, kimekauka vizuri. Nikikipata na hiki kingine, nikaviunga kwa kanga yangu ya harusi katikati, mtoto wa mdogo wangu atabebeka. Naamini atabebeka. Ila bibi atauona mshono, hapitwi na kitu yule. Nimwambie ukweli nifukuzwe mimi na mtoto, au ninyamaze bibi afe akidhani ni mimi niliyeichana? Nyie wenye wakwe, nisemesheni, nishike lipi?

Huyo anaita. "We mama Zai! Dekio langu liko wapi?" Na mtoto keshasinzia ukutani, kalikumbatia. Jamani leo simpi, hata akija na hiyo ndoo yake, mimi nita... Huyu hapa kaja, natuma hivi hivi.