Moshi Mmoja, Watu Kumi na Tisa

Mtunza nyaraka wa wilaya yetu ya zamani hulamba kidole kabla ya kufungua ukurasa, ingawa tangazo la kukataza jambo hilo ameliandika yeye mwenyewe. Wilaya ilikufa pamoja na utawala wa tsari, mfalme wa Urusi, lakini yeye huitaja kama jirani aliyetoka kidogo. Sauti yake haipandi wala haishuki, awe anasoma waliozaliwa au waliokufa kwa kipindupindu. Enzi hizo watu walihesabiwa kwa moshi: kila nyumba inayofuka ilikuwa kaya, na kila kaya ilikuwa na kodi yake. Juzi Nodari, mwoka mikate, alikuja kutafuta mababu zake. Akasomewa: "Moshi mmoja, watu kumi na tisa."

"Haiwezekani, bibie. Walikuwa ndugu watatu, nyumba tatu."

"Karani alipokuja walipikia chungu kimoja. Alipoondoka, kila mke akarudi jikoni kwake. Wazee wako walikuwa wajanja, usiwaumbue."

Nodari akacheka. "Na kijiji chenu wewe?"

"Kiliandikwa moshi arobaini. Sasa watu wamehama. Pasipo moshi hapana kijiji." Akafunga daftari, akapangusa vumbi viganjani.

Kila Jumamosi mtunza nyaraka hupanda basi la mlimani kwenda kijijini kwao. Dereva, ambaye ni shemeji yangu, humshusha palipobaki nyumba moja yenye paa. Shemeji anasema bibie huwasha jiko asilopikia kitu, akakaa nje juu ya jiwe akitazama bomba la moshi. Likishafuka vizuri, huzima moto na kurudi mjini kwa basi lile lile.