Mfuko Tuliouopoa Aston

Muuguzi aliyenipima presha aliniambia nisipoanza mazoezi, dawa zitaongezwa. Nikajiunga na kikundi cha wanawake kinachokutana Jumamosi asubuhi mtaa wa Perry Barr, huku ughaibuni. Wiki ya kwanza tulitembea, na magoti yangu yakalalamika siku tatu. Wiki ya pili tulipewa baiskeli. Niliingia nayo kwenye ua wa miiba nikasema basi. Ikabaki mitumbwi. Hiyo niliifurahia, kwa sababu mimi ni mtoto wa Uvira, kando ya ziwa. Nilijua kupiga kasia kabla ya kujua kusoma, na maji niliyoyazoea ni yale ambayo ukisimama hadi kiunoni unaviona vidole vyako vya miguu.

Mfereji wa Aston hauonyeshi vidole vya mtu. Ilikuwa Oktoba, majani ya miti yalikuwa yameangukia majini na kuoza hadi yakawa uji mweusi, na juu ya uji huo yametanda mafuta. Ulinuka kama beseni la vyombo vilivyosahauliwa wiki nzima, halafu mtu akakojolea humo. Kila nilipochovya kasia lilirudi na kitu. Mara kondomu, mara nepi iliyovimba kama mkate uliolowa. Kulikuwa na panya aliyeelea chali, meno nje, na mtumbwi wetu ukampitia juu. Nilimsikia akikwaruza chini ya miguu yangu.

Mwenzangu ndani ya mtumbwi alikuwa bibi mmoja Mhindi aliyezaliwa Nakuru, amevuka miaka sabini, amevaa kofia ya sufu aliyoivuta hadi kwenye nyusi. Aliponisikia nikinung'unika kwa Kiswahili aligeuka akacheka, na kuanzia hapo hatukuongea Kiingereza tena.

"Kaa chini, dada, usisimame kwa boti," aliniambia. "Na funga mdomo. Maji hii ikikuingia tumbo litakuendesha wiki mbili."

"Bibi, watu wanakuja hapa kujifurahisha kweli?"

"Wanakuja. Mimi nakuja miaka minne sasa. Nyumbani nitafanya nini, niangalie ukuta?"

Siku hiyo tulipewa pia vibanio virefu na mifuko, tuokote taka huku tunaendelea na safari. Tulipofika chini ya daraja tuliona mfuko mweusi mkubwa umenasa kwenye tawi, nusu majini, nusu juu, umefungwa fundo. Bibi aliuvuta kwa kibanio, mimi nikaushika kwa glavu. Ulikuwa mzito. Tulipoupandisha ukingoni mwa mtumbwi ukapasuka, na nusu ya vilivyokuwemo vikamwagika mapajani mwangu.

Ilikuwa mifupa ya mbuzi. Wali uliogeuka ute. Sahani za karatasi zimegandamana, na kati yake funza, wengi, wanene, wanatambaa kwa haraka kama watu waliochelewa. Nilikuwa nawapangusa huku nimefumba macho nusu, mkono wangu ukagusa utambaa wa kitenge cha kijani. Nikaufahamu, kwa sababu niliuchana mwenyewe, kupamba meza. Chini ya utambaa kulikuwa na mwiko, umevaa utelezi, ukingo mmoja umeungua.

"Bibi, ngoja."

"Nini tena?"

"Huu mwiko ni wangu."

Aliutazama, akanitazama mimi. "Wako namna gani?"

Nilimweleza. Wiki tatu kabla tulikuwa na harusi kanisani kwetu, na mimi ndiye niliyesimamia masufuria. Mwiko ule nilitoka nao kambi ya wakimbizi, ulipanda ndege pamoja nami. Baada ya harusi sikuuona. Kuhusu taka hatukuwa na wasiwasi, kwa sababu mzee mmoja wa kanisa mwenye gari la mizigo alijitolea kuzipeleka jalalani, na mchungaji akamshukuru mbele ya watu wote.

Sikumaliza kueleza. Nilitapika pembeni ya mtumbwi, chai na maandazi yote.

"Tapika tu," bibi alisema, amenishika mgongo wa jaketi nisitumbukie. "Mfereji hautajua tofauti."

Jumapili nilimsubiri yule mzee mlangoni baada ya ibada.

"Mzee, taka za harusi ulizipeleka wapi?"

"Jalalani, Maman."

"Mimi nimezikuta Aston. Ndani ya maji. Nimezishika kwa mikono hii."

Hakushtuka. Alihamisha Biblia kutoka kwapa moja hadi jingine. "Pale jalalani kulikuwa foleni ndefu. Na ile maji ilikuwa chafu tayari, Maman. Hata Wazungu wenyewe wanatupa." Akatabasamu, kisha akaenda kuwasalimu wengine kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na wakaupokea.

Funza walinitia kinyaa, lakini kinyaa cha tabasamu lile kilikuwa cha aina nyingine. Cha funza kilitoka kwa sabuni. Nililisema jambo hilo kwenye mkutano wa akina mama. Baadhi walisema nisimwaibishe mtu mzima. Wengine walikubali kwamba tangu siku hiyo taka zetu tuzipeleke wenyewe, na ndivyo tunavyofanya. Yeye bado anakaa benchi la mbele.

Kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia bibi wala akina mama. Mwiko ulipopotea nilimshuku mwanamke mmoja wa kanisa letu, aliyeosha vyombo nami siku ya harusi. Niliona aliutazama sana. Sikumshtaki kwa mdomo. Nilimwambia rafiki mmoja tu, kwa sauti ya chini, na tangu hapo mwanamke yule nilimpita bila salamu.

Nilipanda basi hadi Bordesley Green kwenda kwake. Alifungua mlango, amejifunga kitenge kiunoni, akabaki amesimama kizingitini. Hakunikaribisha ndani. Nilimweleza yote pale pale nje, upepo ukinipiga mgongoni.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa unanipa mkono kama mtu anayeshika samaki aliyeoza. Kisha ukaacha hata huo mkono. Nikajiuliza nimefanya nini."

"Nisamehe, dada."

"Na kama usingeuona ule mfuko, ungenisalimia lini?"

Nilitazama viatu vyangu, nikatazama nepi za mjukuu wake zilizoanikwa kwenye kidirisha, safi, nyeupe.

"Sawa," akasema. "Asante kwa kuja." Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza.

Sasa tunasalimiana. Ananiuliza habari za presha, namuuliza habari za mjukuu. Lakini kukiwa na shughuli kanisani, mimi nikishika sinki kuosha vyombo, yeye huchukua ufagio aende kufagia ukumbini.