Jina Nililomvalisha Papa Mulonda

Jumanne, mwezi wa kumi na moja. Mvua imeanza saa nne na haijakatika. Mtaa wetu wa Cimpunda wote unateleza.

Mjukuu wangu, jana uliniuliza kama ni vizuri, mule ndani ya grupu yenu ya simu, kuwapa cheo wale wanaosaidia wageni wanaojiunga. Sikukujibu. Niliogopa. Acha niandike, ingawa shule yangu ni ndogo.

Mvua kama hii hunirudisha asubuhi moja ya miaka ya Zaïre. Nilikuwa msichana wa foni hapa Bukavu, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Tukimaliza ujumbe wa wagonjwa na wa kazi nyingine, sisi wa foni tulisalimiana: Bukavu, Mwenga, Kamanyola, Shabunda. Hatukuwa tumeonana uso hata siku moja. Papa Mulonda wa Shabunda ndiye aliyetusaidia wote. Mimi alinifundisha kurudia jina la mgonjwa mara mbili, na kufunga waya wa antena bila kumwita fundi.

Nikataka kumshukuru mbele ya watu. Nikabonyeza kifungo, nikasema: «Wandugu, kuanzia leo papa Mulonda tumuite Guide wetu!»

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Neno hilo, maana yake kiongozi, wakati ule lilikuwa la mtu mmoja tu katika nchi nzima, Mkubwa wa Kinshasa, rais mwenyewe; kumpa mwingine kuliweza kumfungisha mtu. Na kwenye foni kila mtu aliweza kusikiliza. Nikaachia kifungo.

Ndipo maman Nsimire wa Mwenga akaingia, akicheka kwa nguvu: «Bukavu, mvua inaharibu sauti! Umesema guidon? Ile ya kinga?»

Kinga ni baisikeli, na guidon ni usukani wake. Nikajibu: «Ndiyo, maman. Guidon.»

«Basi sawa! Lakini muzee, usituangushe kwa mutaro!»

Wote wakacheka. Mulonda hakucheka.

Siku ya pili akaja ofisini mtu wa usalama, mwenye miwani. Nisimsingizie: hakunipiga, hakupaza sauti, hata kiti aliomba. Alifungua daftari, akaniita mwananchi kama desturi ya wakati ule: «Citoyenne, nani Guide wa Shabunda?» Nikasema ni guidon, ya kinga. Akaandika polepole. Akauliza jina lote la Mulonda. Nikalitoa. Mpaka leo najiuliza kama ningeweza kunyamaza.

Kesho yake Shabunda haikuita. Siku iliyofuata, kimya. Ya tatu, kimya. Nilikuwa nikiita huku naomba Mungu.

Siku ya nne sauti yake ikatoka, ndogo.

«Bukavu, niko.»

«Papa! Ulikuwa wapi?»

«Betri.» Kisha akaongeza: «Mutoto yangu, ulinivalisha koti ya mutu mwingine bila kuniuliza. Ulitaka nipendeze, najua. Lakini ni mimi niliyetembea nayo inje.»

Kama ilikuwa betri kweli, sijui. Sikuthubutu kuuliza. Ila tangu siku ile hakumfundisha mgeni yeyote kwenye foni. Wageni walipouliza, alisema: «Uliza Mwenga.» Wenzangu walisema amezeeka tu. Huenda.

Basi mwanangu, wapeni shukrani wanaosaidia, tena mapema, wakiwa bado wanasikia. Lakini kabla ya kumpa mtu cheo, mwite pembeni, umuulize: unalitaka jina hili? Nani mwingine analisikia? Akikataa, mshukuru kwa kazi aliyoifanya, uitaje kazi yenyewe, yatosha. Mungu akupe ulimi usiomtia mtu hatarini, na watu watakaokuambia ukweli kama Mulonda alivyoniambia mimi.

Jioni tumekula bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa, ulizokaanga wewe. Wageni walipofika nilikunong'oneza: naweza kukusifu mbele yao? Ukasema: «Hapana, bibi, zimeungua kidogo.» Nikajiongezea sambaza kwenye sahani yangu.