Mimea ya Bibi Mjerumani na Maji ya Kisima cha Chumvi

Sisi tuliozaliwa wakati wa Mjerumani tulijua maji kwa ulimi. Pale kijijini kwetu Zuzu ungetufumba macho, ukatupatia vibuyu vitatu, tungekuambia hiki ni cha kisima cha chumvi, hiki cha bwawani, na hiki ni mvua iliyokingwa chini ya paa la udongo la nyumba yetu ya tembe, maana ilikuwa na ladha ya udongo. Wajukuu zangu wakisikia hivyo wanacheka. Ukiwauliza maji yanatoka wapi, wanakujibu yanatoka bombani, na wameridhika kabisa.

Utoto wetu ulikuwa wa mbuzi, vumbi na njaa ndogondogo za mchana. Kiangazi bwawa lilipokauka na udongo wake kupasuka, tulichimba viazi vya mimea ya majini, vidogo kama kokwa, tukavichoma kwenye samadi kavu na kuvila na majivu yake. Mama alitukaripia kila mwaka kwa maneno yaleyale: "Bakizeni vingine. Mvua ikija bwawa litaota nini?" Tulimwitikia, kisha tukaendelea kuchimba. Watoto wa leo wananunuliwa biskuti na bado wananuna.

Reli ilipofika, akaja bwana wa stesheni, Mjerumani, pamoja na mkewe. Huyo mke ndiye tuliyemwita Bibi. Sebuleni kwake aliweka tangi la kioo lenye maji, na ndani yake alikuwa amepanda majani ya bwawa letu, yaleyale ambayo ng'ombe waliyakanyaga. Baba aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Lakini mimi nilipoyaona yamesimama ndani ya kioo, marefu, yakiyumba bila upepo, nilisahau kufumba mdomo.

Mama alikuwa akimfulia Bibi, nasi tulimfuata, mimi na mdogo wangu Rabeka. Siku moja Bibi alituita atupime. Akatuambia kila mmoja atoe jani moja lililooza. Mimi, kwa kutaka sifa, nilizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatibua tope lote la chini. Rabeka alisubiri maji yatulie, akapenyeza vidole viwili, akatoa jani lake kama anayemtoa mtu kibanzi jichoni. Siku hiyohiyo alivishwa aproni nyeupe, akakabidhiwa tangi alitunze. Mimi nikapewa mtungi.

Kazi yangu ikawa kuteka maji bwawani, mwendo mrefu, kwa sababu Bibi hakutaka kabisa ya kisima. Yaani nilibeba kichwani maji ya kustawisha sifa za mdogo wangu. Nilimwonea wivu, sitaki kuzungukazunguka. Niliionea wivu aproni, na vidole vyake, na hata jina lake namna Bibi alivyolitamka.

Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tukikaa kula ugali wa uwele na mlenda, Rabeka alisimulia. Leo amesogeza tangi karibu na dirisha, jua limezidi, majani yameota utelezi wa kijani. Juzi alikuwa ameliweka kizani, majani yakarefuka na kupauka yakitafuta mwanga. Maji yakibadilishwa yote kwa mkupuo, majani yananuna siku kadhaa. Yakibadilishwa kidogo kidogo, hata hayashtuki. Na mchana yakiridhika yanatoa mapovu madogo yanayopanda juu mojamoja. Baba, ambaye hakuwahi kunisikiliza hata sentensi moja, alishika tonge mkononi bila kulila, akimsikiliza yeye.

Kisha ikaja habari ya barua. Bibi alimwambia mama kwamba tangi likistawi mpaka baada ya mavuno, atawaandikia wamisionari wampokee Rabeka shuleni kwao. Msichana mmoja tu. Nafasi ile niliitaka mimi. Niliitaka mpaka nikawa silali vizuri.

Mwaka ule bwawa lilipungua mapema. Asubuhi moja nilifika kwenye njia panda, nikageuza mguu, nikajaza mtungi kwenye kisima cha chumvi. Nikafanya hivyo siku tatu mfululizo. Rabeka alimimina bila kuonja, maana aliniamini.

Siku ya kwanza mapovu yalikoma. Siku ya pili kingo za majani zikawa kama karatasi iliyomwagikiwa mafuta, unaona mpaka ng'ambo. Ya tatu yakayeyuka. Tangi zima likawa utelezi kama mlenda. Bibi alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akasema kama yamekufa basi na barua hakuna. Mama akaanza kumwombea msamaha mtoto aliyekuwa hana kosa.

Rabeka alichovya kidole ndani ya maji, akakilamba. Akanitazama. Ni mimi na yeye tu tuliojua alichoonja, na hakusema. Alimgeukia Bibi: "Hayajafa, Bibi. Yamelala." Akachokora tope, akatoa viazi vyote, vingali vigumu. Akavifukia kwenye udongo wa bwawa ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, akakiweka nyuma ya tembe letu kikauke. Kiazi kile mimi nilikuwa nimekila miaka yote. Haikunijia hata mara moja kwamba kilikuwa kinangoja kitu.

Kiangazi kizima nilikipita chungu kile kila siku. Ningeweza kukimwaga. Nadhani nilichoogopa ni kumwona akinyamaza mara ya pili.

Mvua za kwanza zilipopiga, alikijaza maji ya mvua. Kabla wiki haijaisha, ncha za kijani zikachungulia. Bibi alipoziona aliandika barua palepale, mezani, akiwa amesimama. Rabeka akapanda gari moshi akiwa na kitambaa kipya kichwani, nami ndiye niliyembebea mzigo mpaka stesheni.

Baadaye ikaja vita, Bibi na mumewe wakaondoka, na tangi likaishia kunyweshea kuku. Rabeka akawa mwalimu. Mimi niliolewa, nikaendelea kuteka maji.

Tulipokuwa wazee wote wawili ndipo nilipomwungamia. Alicheka taratibu. "Dada, mimi nilijua tangu siku ile. Lakini majani yale yasingeyeyuka, Bibi angeniona mtoto tu wa mfua nguo mwenye vidole vizuri. Barua aliiandika kwa sababu ya viazi. Wewe ndiye uliyenipeleka shule." Hapo nikamwonea wivu upya, na safari hii ni moyo wake niliouonea.

Siku hizi mabomba yamefika, na maji ya nyumba zote yana ladha moja. Mtoto anafungua, anajaza, anaondoka. Hana haja ya kuonja wala kumwamini aliyeyabeba. Zamani mtu aliyekuletea maji alikuwa na maisha yako mkononi, na ulikunywa.

Rabeka naye ana chungu chake huko kwake, nami nina changu nyuma ya nyumba, vyote vya uzao wa viazi vilevile. Mvua ya kwanza ikinyesha ninamtuma mjukuu mbio akaangalie kwa Rabeka kama vyake vimeota. Akirudi na kuniambia bado, na vyangu vimeshachungulia, ninafurahi kutwa nzima.