Matano na Kiti Alichokikalia Mkwe

Jamani, Matano alifika! Dada yake aliozwa kwa wakati, na gari Matano aliliendesha kutoka Msambweni hadi Shimoni huku amekalia mbuzi ya kukunia nazi!

Haya, tulieni niwape mwanzo. Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Matano alikuwa mchuuzi wa nazi, maneno mengi, na kigari kuukuu alichouziwa na mzungu mmoja aliyependa kukiendesha ufuoni Diani. Chumvi ilikuwa imeila sakafu hadi basi. Jumamosi moja kubazi la mkewe, Mishi, likamvuka mguuni, likapita tundu la sakafu, likabaki barabarani.

"Harusini kwa wifi yangu kesho siendi na gari la kuchungulia njia," Mishi akasema.

Matano akamwita Kombe, mfua bati wa sokoni. Wakafungua bolti nne, wakatoa kiti cha dereva. Chini yake, lo! Matundu kama mkate wa kumimina.

"Bwana Matano, hapa ulikuwa ukiendesha au ukitembea?"

"Funga mdomo, fua bati."

"Nafua. Ila mimi nimezoea koroboi, vitaa vya mafuta. Gari likiwaka usinilaumu."

Wakakwangua kutu, wakapasua debe la mafuta ya taa, wakalinyoosha, wakaligongomea hapo, wakapaka lami. Kiti wakakiweka barazani hadi lami ikauke.

Jumapili asubuhi, kiti kina mtu! Bi Mwanapili, mamake Mishi, aliyetoka Kwale kuja kuwaangalia watoto, amekikalia na kikombe cha chai mkononi.

"Mgongo wangu haujapata raha hivi tangu nimzae Mishi," akasema.

Sasa, mkwe si mtu wa kuambiwa ondoka. Matano hata usoni alikuwa hamtazami. Akakohoa. Akapita mara tatu na spana mkononi.

"Mkwe wangu, umepoteza kitu?"

"La, mama. Nanyoosha miguu."

Akamkimbilia Mishi jikoni. "Mwambie mamako ainuke."

"Mwambie wewe. Kiti si chako?"

"Mimi? Nimwinue mkwe?"

"Basi nenda kwa miguu."

Na kwenda ilikuwa lazima. Baba yao alikwisha fariki, kwa hivyo Matano ndiye walii, msimamizi wa kumwoza dada yake. Bila yeye hakuna nikahi, na nikahi ni baada ya adhuhuri. Basi la asubuhi nalo lilikuwa limeshapita.

Hapo jicho likaangukia mbuzi pembeni mwa jiko, kile kibao kifupi chenye ulimi wa chuma. Matano akakibeba, akakiweka juu ya bati jipya, ulimi katikati ya magoti, akatia moto gari.

Kibao kifupi, dereva naye akawa chini! Kutoka nje ilionekana kofia tu. Kufika Ramisi, watu wakaruka vichakani: "Gari hilo laenda lenyewe!" Mishi, kiti cha nyuma, amejifunika buibui uso mzima, anacheka hadi kwikwi. Kila shimo Matano anapiga yowe, "Astaghfirullahi!" Lakini bati la Kombe halikupitisha hata tone la tope.

Shimoni imamu alikuwa ameshaanza kutazama saa.

"Walii yuko wapi?"

"Nipo, sheikh," Matano akaitikia mlangoni, akienda upande upande kama kaa. "Nitaozesha sasa hivi. Ila tafadhali, nisiambiwe niketi."

Akaozesha amesimama, bibi arusi akawa mke wa mtu.

Ukishasoma, mpe na mwenzako asome.