Wezi Walioomba Kusukumwa

Kazi yangu ni kufagia ukumbi wa sinema. Watu wakishatoka, mimi huingia na ufagio, ndoo na kisu butu cha kubandulia ubani wa kutafuna waliougandisha chini ya viti. Filamu zenyewe nazionea mwishoni tu, nikiwa nimesimama kwenye mlango wa ubavuni nasubiri taa ziwashwe. Mwanzo wake najihadithia mwenyewe. Sikusoma, lakini kwa kusimama pale nimejua jambo moja: mtu akitoka kwenye filamu ya wizi hunyoosha mgongo kwanza, halafu huhukumu. Ile imekaa kweli. Ile wametudanganya.

Wakati mmoja ililetwa filamu ambayo karibu kila mtu alitoka akisema wametudanganya. Kwa kipande nilichokiona, wezi wenyewe walikuwa vioja. Mmoja alisahau mfuko wa kutilia mali, mwingine alijifungia stoo asijue kutoka, wakagombana mbele ya mwenye duka nani aendeshe gari. Watu walicheka mpaka wakapigapiga viti. Kisha, mwenye duka akiwa ameshawapa kila kitu, mmoja wao akageuka akampiga risasi, wakaondoka zao. Basi. Hakuna kisasi, hakuna siri. Watu wakakasirika.

Mkata tiketi wetu, ambaye kwa maringo yake tunamwita Mheshimiwa, alinieleza kosa liko wapi. Mwizi lazima awe na mpango, alisema, na hawa hata kuku wa kuazima wasingeweza kumwiba. Na mtu akishakupa mali, unamuua ya nini? Mtunzi alichoka, akatafuta njia ya kwenda kulala.

Wezi wa namna ile mimi nawajua.

Mume wangu alikuwa fundi redio. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, cha nyuma tulilala sisi na binti yetu. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Redio ikiletwa hakuifungua kwanza. Aliiweka sikioni, akaipiga kofi dogo, akasema, huyu kifua kinambana. Nilimtania kwamba mkewe hapati hata nusu ya maneno anayoyapata mgonjwa wa betri.

Adhuhuri moja waliingia wanaume watatu. Wawili walikuwa wamejifunika nyuso kwa mikono ya sweta waliyoikata na kuitoboa. Wa kwanza, matundu yake hayakuelewana na macho, kwa hiyo kila mara alilivuta lile vazi chini apate kuona, na akilivuta, paji lote la uso linabaki nje. Wa tatu hakujifunika kabisa. Nadhani ni kwa sababu sweta ina mikono miwili.

Walitaka dhahabu. Mume wangu akawaambia kwa upole kwamba sonara alikuwa mlango wa pili, na alishahama zamani. Wakatazamana. Wakaanza kulaumiana wao kwa wao, nani aliyesema mlango wa buluu. Mwishowe wakabeba mfuko uliokuwa kizingitini, umejaa vipuri vibovu vya kutupwa, wakatoka mbio.

Gari lao halikuwaka. Tulilisikia nje likikohoa, likikohoa. Ndipo yule wa matundu akarudi mlangoni, bastola mkononi, akasema maneno ambayo mpaka leo hakuna aliyeyaamini.

"Fundi, samahani. Tusaidie kusukuma."

Nilicheka. Kicheko kilinitoka kama kwikwi, hata mimi mwenyewe kilinishtua. Jirani wa ukuta wa pili alikisikia.

Mume wangu alitoka akasukuma. Wengi wameniuliza kwa nini. Mtaani kwetu gari likizima hatuulizi la nani. Kila mwanamume huacha alichoshika akatia bega. Na zaidi ya hapo alikuwa fundi, hakuweza kukaa akisikia mashine inateseka. Alisukuma huku akimwelekeza dereva. Gari likawaka. Yule asiyejifunika akatoa mkono dirishani, nikadhani anaaga. Bastola ilikuwa imeshahamia kwake. Akampiga risasi ya kifua, wakaenda.

Polisi waliniuliza mara nyingi. Wezi gani wanaorudi walikoiba? Wezi gani wanaomwomba waliyemwibia awasukume? Na aliyekusaidia unamuuaje? Nilijibu vilevile kila siku, na hilo nalo likawa kosa, wakasema nimekariri. Mwisho walinichoka wakaniachia, lakini hakuna aliyetoka hadharani kusema yule mama hana hatia. Mlango walinifungulia, jina hawakunirudishia.

Wifi yangu hakungoja polisi. Msibani hakusema na mimi. Alisema na wanawake waliokaa karibu yangu, kwa sauti ya kunifikia. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. Kama wezi hawakuwa na sababu, basi sababu imelala ndani ya nyumba. Na mke gani anacheka mumewe akitolewa nje kwa bastola? Katika filamu zote, alisema, mke huwa anajua. Binti yangu alikuwa bado hajang'oka hata jino la utoto. Wifi akasema atakaa naye mpaka msiba uishe. Msiba haukuisha. Mtoto alikulia kwake, akamwita shangazi mdomoni na mama moyoni, na mimi nikawa mtu wa kutembelewa wakati wa likizo. Alikuja, akanisalimia vizuri, akakaa ncha ya kiti kama aliyeleta ujumbe.

Sasa ni mwanamke mzima. Nilipoiona filamu ile, nilitaka kitu kimoja tu: aitazame, kisha anitazame mimi, aniambie, mama, nakuamini. Nikapiga simu. Aliyepokea ni wifi. Akasema sawa, watakuja, lakini mtoto haji peke yake. Nikasema hata yeye karibu. Nilisema kweli, nilitaka na yeye aione.

Walikuja onyesho la mchana. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Wifi alinipa vidole badala ya mkono. Tukakaa, binti katikati, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukalia viti ambavyo nilivijua kwa uvunguni tu.

Sikuitazama filamu. Nilimsikiliza yeye. Mwizi alipojifungia stoo, alicheka. Walipogombania gari, alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja, na kicheko chake, ole wangu, ni changu kabisa. Risasi ilipolia alishika mkono wa kiti. Mkono wangu ulikuwa karibu zaidi. Wifi alisonya.

Nje barazani wifi alitoa hukumu kabla hajafunga mkoba. Eti nimewatoa mbali kuwaonyesha upuuzi. Mtu haui mtu bure, hata mwendawazimu ana lake kichwani. Binti akamwomba atangulie kituoni, atamfuata. Wifi alinipima kwa macho kutoka kilemba mpaka kandambili, akaenda.

"Nimecheka, mama," binti alisema.

"Nimekusikia."

"Kwa hiyo mtu anaweza kucheka tu. Bila ubaya."

"Anaweza."

Nikajua lile neno ninalolingoja linakuja. Miaka yote ile nilikuwa nimeliandalia mahali.

"Ujinga wao naukubali," alisema. "Hata kusukuma nakubali, shangazi mwenyewe anasema baba ndivyo alivyokuwa. Ni pale mwisho. Nikikuamini pale, mama, baba amekufa bure. Shangazi angalau alinipa sababu."

"Sababu yenyewe ni mimi."

"Ndiyo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeniomba nimwelewe. "Ni mbaya, lakini nina kitu cha kushika. Nipe kingine basi, nitakiacha hicho. Yule asiyejifunika, labda baba alimtambua? Alimtambua, mama?"

Neno moja. Ningesema ndiyo, alimtambua, akamwita kwa jina, na ndiyo maana. Mheshimiwa angeliamini. Polisi wangeliamini. Wifi angelia na kunitaka radhi mbele ya wale wale wanawake. Na mwanangu alikuwa amenitafunia tayari, kazi yangu ni kumeza tu.

Nilikuwa nimeitwa mwongo kwa kusema kweli. Kuaminiwa kwa kusema uongo, hapo nilishindwa. Na tena, ningefanya hivyo, mume wangu angetoka akaingia mwingine, fundi shujaa nisiyemjua, na yule wangu aliyetia bega asingebaki na mtu wa kumkumbuka.

"Hakumtambua," nikasema. "Alikuwa anamwambia dereva aachie klachi taratibu. Ndilo neno lake la mwisho."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa dukani kwamba alichokifuata kimekwisha. Kilemba changu kilikuwa kimelegea upande, akakikaza, kama mtu anavyomtendea mama yeyote barabarani, akashuka ngazi. Alitembea haraka. Wifi alikuwa anamsubiri pembeni mwa barabara, hakuwa amefika kituoni.

Mheshimiwa aliniuliza kama wageni wangu wameipenda. Nikamwambia wamesema wamedanganywa.

"Si nilikwambia, mama," alisema, akarudi kibandani kwake.

Ndani taa zilikuwa zimewashwa. Nilianza na safu yetu. Pakiti ya bisi niliyomnunulia ilikuwa juu ya kiti chake, haijafunguliwa. Nikaegemeza ufagio, nikakaa, nikaila mimi, moja moja, mpaka watu wa onyesho linalofuata walipoanza kugonga mlango.