Barua ya Daktari Niliyomsomea Mume Wangu kwa Uongo

Wasomaji, msinitumie pole. Mimi ndiye niliyekosa, na nilikosa kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu!

Nilifanya mtihani wa darasa la nane nikiwa na miaka arobaini na miwili. Tangu hapo kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia nyumbani kwetu Zombe niliisoma mimi. Marehemu mume wangu, mchuuzi wa mbuzi, hakujua kusoma. Aliniita mwalimu.

Tarehe 11 Machi mwaka juzi nilifungua barua ya daktari wake. Alikuwa na homa ya ini aina ya B, ya miaka mingi, na alikuwa ametolewa kipande kidogo cha ini kwa sindano. Barua ilieleza kwamba baadhi ya seli za ini lake zilikuwa na DNA kupita kiasi cha kawaida. Haikuwa saratani bado, ila ilikuwa dalili mbaya. Arudi tarehe 25 aanze dawa. Chini zilitajwa njia za kuambukizwa, na macho yangu yakanasa kwenye kujamiiana.

Malili! Kila wiki alilala huko sokoni Malili akiuza mbuzi!

"Mwalimu, mbona umenyamaza? Nakufa?"

"Inasema upumzike na uache mafuta."

Akacheka. "Kumbe mmepatana na huyo daktari! Kazi yenu ni kuninyima mafuta tu."

Barua nikaificha kwenye sanduku la nguo. Tarehe 25 tulishinda shambani tukipanda ndengu, naye akipiga mluzi. Tarehe 2 Aprili nilikwenda kupimwa kwa siri, nikakutwa sina ugonjwa. Jinsi nilivyojivuna! Nilimpikia, nikamfulia, na moyoni nikamwita mchafu.

Januari iliyofuata tumbo lake lilivimba na macho yakawa ya manjano. Alifariki tarehe 19 Februari, kwa saratani ya ini.

Baada ya mazishi wifi yangu wa Mukuyuni alikuja kunifariji. Nikamtemea sumu: "Kaka yako aliutoa Malili ugonjwa wake!"

"Wifi, koma! Hata mimi ninao. Mama alituzaa nao. Mimi ndiye niliyemtuma akapimwe. Alikataa nikwambie, eti utaidharau damu ya kwetu. Mimi nameza dawa, mwaka wa nne huu, na unaniona nalima. Kwani yeye hakuitwa arudi?"

Mama kumwambukiza mtoto: hata hilo lilikuwa kwenye barua, mstari mmoja tu chini ya ule nilioukodolea macho. Nilikuwa nimeuona. Niliuruka kwa kuwa haukunipa mtu wa kumchukia.

Wifi hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, akiuliza kama nimekula. Namwambia nimekula; ile barua sijamtajia. Ole wangu!

Nanyi mnaowasomea wenzenu karatasi za hospitali, sikieni. Humpendi? Amekukosea? Mwambie siku yake ya kurudi kwa daktari, neno kwa neno. Aende, atibiwe, aishi, kisha mgombane mpaka mchoke!